Kifuniko Kisichopiga Kelele

Nakumbuka asubuhi moja ya soko pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mwanangu, asubuhi niliyofungua kinywa mbele ya watu kabla sijaiomba akili yangu ruhusa. Umekuja kwangu nikufundishe kazi ya bati, na macho yako nayaona yanakimbilia kwenye nyundo. Iache nyundo ipumzike kidogo. Nataka kwanza nikusimulie habari ya pipa la taka, na usicheke, maana pipa hilo ndilo lililoinusuru meza ya mama yangu, na mpaka leo nikilikumbuka natembea kifua mbele. Mimi si mtu wa kuona haya kusimulia ushindi wangu. Niliutolea jasho.

Nilikuwa msichana, jina langu Neema, mwembamba kama ufito na mwenye mdomo mpana kuliko wa kasuku. Tulikuwa tumefika Malawi mimi, mama na wadogo zangu. Baba tulimwacha kaburini Uvira, kwetu Kongo. Vita vilikuwa bado vinawaka kule kwetu. Kila lori lililoleta watu wapya kambini lilileta pia habari za vijiji vya Fizi vilivyochomwa, na hakuna aliyezungumzia kurudi nyumbani. Tulichokuwa nacho ni meza ya mama kwenye safu ya samaki, upande wa chini wa soko. Mama aliuza usipa, wale samaki wadogo wa ziwa la huku ambao sisi tuliwaita ndagala kwa kuwakumbuka wa kwetu. Jirani zake waliuza mandazi, sombe ya majani ya muhogo, ugali wetu wa fufu na maharage. Bila meza ile tungekula mgao wa msaada peke yake, na mgao ule ulikuwa unaisha kabla mwezi haujafika katikati.

Sasa, matumbo ya samaki, maganda ya ndizi, samaki waliooza, vyote vilitupwa nyuma ya meza. Kila mtu alitupa kidogo tu, na kila mtu alidhani kidogo chake hakina neno. Mvua ilipoanza, lundo likachacha. Nzi wa pale walikuwa hawana adabu hata chembe: unamfukuza kwenye samaki anahamia kwenye jicho la mtoto. Watoto wakaanza kuharisha. Akina mama wakachoma udi na majani ya mkaratusi kufukuza harufu, lakini unajua walivyosema wazee, la kuvunda halina ubani.

Basi asubuhi hiyo akaja mkuu wa kambi, Mmalawi mwenye sauti ya upole lakini asiyerudia neno, pamoja na karani Mkongo wa kumtafsiria. Akalitazama lile lundo, akatazama na watoto. Kisha akasema kwamba mwisho wa mwezi watu wa afya watatoka Lilongwe kuja kukagua. Wakiukuta uchafu ule, safu itafungwa, meza zitang'olewa, na hakuna atakayeuza tena samaki wala chakula kilichopikwa ndani ya kambi. Karani akatafsiri huku anatazama viatu vyake.

Mama Espe, mwenyekiti wa safu, akauliza: "Sasa uchafu tutaweka wapi? Tumeze?"

"Banasema mutafute pubele," karani akajibu, maana yake pipa la taka.

"Pubele itatoka wapi? Itaanguka toka juu kama mana?"

Watu wakaguna. Mama yangu alikuwa ameinama anapanga ndagala zake upya, ingawa zilikuwa zimepangwa tayari. Hapo ndipo ulimi wangu ulipokimbia. Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Nikasema kwa sauti: "Pubele mi nitatengeneza! Mwisho ya mwezi hata nzi moja hamutaona hapa."

Mama akanifinya paja. "We Neema, nyamaza! Unatupatisha haya mbele ya bantu."

Wanaume waliokuwa wanakula fufu wakacheka. Walinijua. Mimi ndiye yule msichana aliyepiga nyundo mbele ya nyumba, akitengeneza mbabula, yaani majiko ya mkaa, kwa mikebe ya mafuta ya msaada. Baba yangu alikuwa fundi bati, na mimi ndiye niliyemshikia bati tangu nikiwa mdogo, kwa hiyo mikono yangu iliujua ufundi kabla sijajua kwamba si kazi ya wasichana. Mkuu wa kambi akauliza wanacheka nini. Alipotafsiriwa, hakucheka. Akanitazama, akasema sawa, atakuja kuona. Ahadi ni deni, na mimi nilikuwa nimelikopa mbele ya soko zima.

Nilichukua mbabula zangu nilizokuwa nimezikamilisha, nikaomba kibali cha kutoka kambini, nikapanda lori la mahindi hadi mji wa Mponela, nikabadilishana na mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na pipa tupu la mafuta ya kupikia. Nililikata nusu kwa tindo, nikalisugua kwa mchanga na majivu mpaka likang'aa, nikalitia mishikio miwili ili watu wawili waweze kulibeba kwenda kulimwaga kwenye shimo la taka la mbali na soko. Nikalifanyia kifuniko kizuri cha duara chenye kishikio cha juu, nikalipaka rangi ya buluu niliyopewa kanisani. Lilikuwa pipa la kupendeza, nakuapia. Jioni nililiweka mwisho wa safu, nikarudi nyumbani nikiimba.

Asubuhi halikuwepo.

Nililitafuta kambi nzima nikiwa na nyundo mkononi, na sikuwa na nia njema. Nililikuta mlangoni kwa Koko Sifa, bibi wa Fizi aliyekuwa akifagia kanisa na kulea mjukuu yatima, mtoto ambaye ulikuwa humwoni ila mgongoni mwake. Koko ndivyo tunavyowaita mabibi kwetu. Pipa langu lilikuwa limejaa maji safi hadi juu, na kata imening'inia pembeni.

"Koko! Ile ni pubele ya soko!"

Akageuka polepole. "Pubele?" Akaligusa lile pipa kama mtu anayegusa ng'ombe wake. "Mutoto, iko na kifuniko. Iko na rangi. Mi niliona iko peke yake pa njia, nikasema Mungu amenikumbuka. Uchafu gani unalala ndani ya nyumba ya bati, na sisi bantu tunalala chini ya plastiki?"

Hasira ilikuwa imenijaa hadi masikioni. Yeye akachota maji, akanipa. "Kunywa kwanza. Halafu utanipiga na ile nyundo."

Nikanywa. Wewe ungefanyaje?

"Mi nitarudisha," akasema. "Lakini kesho mwingine atabeba, na kesho kutwa mwingine. Ulitengeneza kintu ya kutamani. Na tena, nani atafungua kile kifuniko? Angalia mi. Beseni iko pa kichwa. Mutoto iko pa mugongo. Mukono moja inashika beseni, ingine inashika matumbo ya samaki. Nifungue na meno? Na kama mukono ingekuwa, nishike pa uchafu, halafu na ule mukono nikulie fufu?"

Mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa nimetengeneza pipa kwa ajili ya mtu aliyesimama mikono mitupu bila kazi, na mtu wa namna hiyo sokoni kwetu hakuwepo. Niliona haya, lakini nitakuambia kitu cha kunisifu: niliomba kuelekezwa. Mficha uchi hazai. Nikamwambia Koko aje kwangu kila jioni anionyeshe mwili wake unavyofanya kazi, naye akacheka hadi akakaa chini, akakubali.

Pipa aliniletea mwenyewe, na nikafanya kitu kilichoniuma moyo. Nilichukua msumari mnene nikalitoboa matundu chini, mengi, likawa kama chujio. Jirani aliyekuwa akipita akashika kichwa akadhani nimerukwa na akili. Lakini pipa lenye matundu halibebi maji wala unga wala pombe, na hakuna mwizi anayelitaka. Tena maji ya uvundo hayatuami ndani yake: yanashuka taratibu kwenye shimo dogo nililolichimba pale litakaposimama sokoni, nikalijaza kokoto, mchanga na majivu, yananyweka huko bila nzi kuyafikia. Matundu yale yakawa dawa ya magonjwa mawili. Kwa hilo nilijisifu siku nzima, peke yangu, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kunisifu.

Kisha nikaja kwenye kifuniko. Kama mikono imejaa, mguu ndio unaobaki. Niliweka chuma kirefu chini ya pipa, mbele kina ubao wa kukanyagia, nyuma kina fimbo inayopanda na kusukuma kifuniko juu. Unakanyaga, kinafunguka. Unaondoa mguu, kinajifunga. Baba yangu hakuwahi kunifundisha kitu kama hicho; nilikitoa kwenye breki ya baiskeli ya kabaza mmoja aliyekuwa akibeba abiria kati ya kambi na barabara kuu. Nilimsumbua maskini anionyeshe inavyovuta mpaka akaanza kupita njia nyingine.

Ubao wa kwanza niliuweka juu kiasi cha goti. Koko akaja na beseni lake na mjukuu wake, akainua mguu, akasimama hivyo hivyo na mguu hewani, akanitazama. Kikwembe chake, kile kitenge alichojifunga, kilikuwa kimefunguka.

"Neema," akasema, "we unataka nikatupe uchafu, ao nikacheze ngoma mbele ya wanaume?"

Nikagundua kwamba mimi nilikuwa nikifanyia kazi ndani ya suruali kuukuu ya baba. Nikaushusha ubao mpaka ukakaribia kugusa ardhi, nikaupanua, hata mguu mtupu wenye magaga uweze kuukanyaga bila kuumia, hata mama mwenye mimba kubwa asihitaji kuinua zaidi ya kisigino. Koko akaukanyaga, kifuniko kikafunguka kama mdomo wa kiboko. Akapiga kigelegele. Mimi nilikishika kifuniko kwa mkono kukirudisha polepole, ili rangi isichubuke. Kumbuka hapo, mwanangu, kwamba nilikishika kwa mkono.

Siku ya soko iliyofuata nililisimamisha pipa katikati ya safu. Watu wakalizunguka. Mama Espe akatoa amri watu wakae mbali, akakanyaga ubao kama bibi harusi anayepanda ngazi, akatupa ganda la ndizi, akaondoa mguu.

PAA!

Kile kifuniko kilikuwa chuma kizito, na kilianguka juu ya chuma. Sijui nikuelezeje wewe uliyezaliwa mahali pa amani. Soko lote lilikwenda chini. Mwanamume mmoja mwenye mwili mkubwa aliingia chini ya meza ya mandazi na meza ikamwangukia. Akina mama walinyakua watoto, wao na wasio wao, wakakimbilia kwenye shamba la mahindi. Sinia za ndagala zilipinduka zikatawanyika kwenye tope. Na mimi mwenyewe, fundi wa kifuniko, niliyekuwa nimesimama hatua chache tu na nimekiona kikianguka, nilijikuta nimelala kifudifudi na mikono kichwani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Watu waliinuka mmoja mmoja wakijipangusa bila kutazamana. Bibi mmoja alikuwa analia polepole, akiita jina la mtu ambaye hakuwa pale. Mama Espe akaja usoni kwangu: "Toa hii kintu yako. Toa leo. Afadhali nzi, kuliko kurudishwa kule kila mara mutu anatupa ganda."

Mama yangu alikuwa amepiga magoti akiokota ndagala kwenye tope. Zile ndagala zilikuwa chakula chetu, na mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia, na sasa safu nzima ilikuwa imeapa kwamba pipa halitasimama tena pale. Nililiburuta mpaka nyumbani, likinigonga miguu njia nzima. Nilitaka kulipasua vipande nikatengenezee mbabula.

Koko Sifa alinikuta nimeshika tindo. Aliketi juu ya gunia la mkaa, akamshusha mjukuu, akanikemea kwa maneno ambayo nimeishi nayo.

"Ulipima pipa," akasema. "Ulipima kifuniko. Ulipima hata muguu yangu mi muzee. Bantu haukupima. We unapiga nyundo toka asubuhi, hapa kwako mulio ni kazi. Sisi masikio yetu ingali inakimbia. Na yako vilevile! Nilikuona pale chini, usinidanganye."

"Basi niache, Koko. Nimeshindwa."

"Nani alisema umeshindwa? Mi nilisema haujamaliza." Akainyang'anya ile tindo mkononi mwangu, akaificha chini ya kikwembe chake kama mtu anayemnyima mtoto kisu. "Kesho enda pa soko, kaa, funga mdomo. Najua ni kazi ngumu kwako. Angalia tu bantu."

Nikaenda. Ilikuwa ngumu kweli, hasa ile ya mdomo. Niliketi nyuma ya meza ya mama nikatazama. Niliona kwamba watu wetu hawaweki kitu chini kwa kishindo. Sufuria wanaishusha kwa mikono miwili. Milango yao ya mabati wameifunga matambara pembeni. Mama mmoja wa Kirundi, kila alipotaka kupasua kuni, alitangulia kuwaambia jirani zake, ili wajue ni shoka. Nilikuwa nimeishi katikati yao, nami nikifanya vivyo hivyo, na sikuwahi kuuona upole huo mpaka siku hiyo. Nililia kidogo pale nyuma ya meza, kisha nikaanza kufikiri kifundi.

Nilihitaji mpira laini, mwingi na mpana. Mipira ya ndani ya baiskeli ilikuwa myembamba mno. Nikaomba kibali tena, safari hii hadi Lilongwe. Nilizunguka mjini nikiuliza, nikaelekezwa Area 18, mtaa wa nyumba zilizopangwa kwa mistari, ambako mziba matairi mmoja alikuwa na rundo la mipira ya malori iliyopasuka. Aliitwa Bambo Yohane, yaani Bwana Yohane kwa lugha ya huko. Alishawahi kufanya kazi Mbeya na Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha. Nikamweleza yote, hata lile la kulala kifudifudi. Kuuliza si ujinga, na kueleza shida yako si aibu.

Alinisikiliza, kisha akaanza kunijazia mipira kwenye gunia, ile bora. "Hapa kwetu soko pia nzi tele," akasema. "Ukifaulu, dada, njoo unionyeshe."

"Zikomo, bambo," nikamshukuru kwa lugha yake. "Nitafaulu." Unaona? Mdomo wangu ulikuwa haujapona.

Nyumbani nilikata mpira ule vipande virefu, nikavikunja mara mbili, nikavishonea kwenye ukingo wa pipa kwa waya, duara zima, kama upindo wa gauni. Lakini mpira peke yake ulipunguza mlio tu, haukuumaliza, kwa sababu kifuniko kilikuwa bado kinaanguka kwa nguvu. Nikakirefusha nyuma ya bawaba, nikakiwekea mkia, na kwenye mkia nikafunga mkebe wa mchanga. Nikaongeza mchanga kidogo, nikajaribu, nikapunguza, nikajaribu, mpaka uzito wa mkebe ukapingana na uzito wa kifuniko, nacho kikawa kinashuka taratibu kama mtu mzima anayekaa kitini. Na kukanyaga kukawa kwepesi, hata mtoto mdogo aliweza.

Safari hii sikuyaamini masikio yangu. Nililipeleka pipa kwa Koko mchana, wakati mjukuu amelala kwenye mkeka. Nikaliweka karibu na kichwa chake. Koko akaziba mdomo kwa kikwembe. Nikakanyaga. Nikaondoa mguu. Kifuniko kikashuka, kikagusa mpira, kikatulia. Mtoto akavuta pumzi, akageukia upande wa pili, akaendelea na usingizi wake. Nikakanyaga tena, na tena. Koko akanishika mabega, tukaanza kucheza pale pale, bila kutoa sauti, bibi na msichana wakirukaruka kimyakimya juu ya mtoto aliyelala.

Ilibaki kuwashawishi akina mama, na hilo alilifanya Koko. Alimwendea Mama Espe akamwambia: "Kama hii kintu italia, mi mwenyewe nitabeba uchafu yenu yote pa kichwa mpaka nikufe." Mama Espe akasema liwe mara moja tu, siku ya wageni wa kukagua, kwa kuwa hata hivyo wanakwenda kufungiwa. Mapema siku hiyo akina mama wakalizoa lile lundo lote wakalizika shimoni, wakamwaga majivu. Nami nikalisimamisha pipa langu katikati ya safu.

Wageni wakaja, wanaume kwa wanawake, na mkuu wa kambi mbele yao. Soko likajaa. Watu walikuwa wamesimama kwa mbali, wengine wameshaziba masikio, na akina mama wamewashika watoto wao. Mama yangu alinitazama mara moja, akatazama chini. Hapo ndipo Koko Sifa alipotokea kutoka upande wa juu, beseni kichwani, mjukuu mgongoni, mkono mmoja kwenye beseni, mwingine umejaa matumbo ya samaki. Hakuharakisha. Alifika, akakanyaga ubao kwa mguu mtupu, kifuniko kikapanda. Akatupa. Akaondoa mguu.

Hapakusikika kitu, mwanangu. Soko lilikuwa kimya hata ukasikia mafuta ya mandazi yakichemka, na kifuniko hakikuongeza neno. Mjukuu wa Koko aliyekuwa anasinzia hata hakufungua macho.

Yule mwanamume mkubwa wa chini ya meza ndiye aliyetoa mikono masikioni wa kwanza. Akasogea, akakanyaga, akaondoa mguu, akatabasamu. Kisha Mama Espe. Kisha kila mtu alitaka kukanyaga, wakaanza kutafuta uchafu wa kutupa, wakaokota vipande vya mabua, wakamenya ndizi ambazo hawakuwa na njaa nazo. Mkuu wa kambi mwenyewe alikanyaga, na alipodhani hakuna anayemwona akakanyaga tena. Mgeni mmoja mwanamke akainama kutazama matundu na shimo la mchanga, akaniuliza kwa kupitia karani kwa nini nimetoboa chini. Nikamweleza, na ya mpira pia. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Mkuu wa kambi akasema, na karani akatafsiri: "Safu inabaki. Meza yote inabaki. Na banataka zingine kama hii kila kona ya soko."

Vigelegele vilivyopigwa pale, nadhani vilifika hadi mji wa Madisi. Wanawake walinibeba juu, suruali ya baba na yote. Na kutoka huko juu nilimwona mama yangu amepanda kwenye meza yake, yeye asiyependa makuu, anapiga ngumi kifuani na kupiga kelele kwa kila aliyepita: "Ni mutoto yangu! Ule ni wangu! Ni mutoto ya fundi!" Nilikuwa sijamwona akicheka tangu Uvira. Furaha niliyoisikia siku hiyo sijapata kuisikia tena, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu analijua hilo.

Nilitengeneza mapipa kwa kila kona, nikawafundisha wasichana wawili, wakawa wananisaidia. Kisha nikalipeleka moja Lilongwe kwa Bambo Yohane kama nilivyomwahidi. Akaliita soko zima la Area 18 lije kuona, na wakaagiza mengi kuliko tulivyoweza kuyabeba kwa lori moja. Watu wa kule hawakuwa na vita masikioni, lakini nao waliupenda ule ukimya. Usione vyaelea, vimeundwa.

Sasa sikiliza nasaha yangu, ndipo nikupe nyundo. Kitu cha watu wote usikitengeneze ukiwa peke yako. Kabla hujapima bati, pima watu. Tazama mikono yao imebeba nini, miguu yao imevaa nini, na masikio yao yamesikia nini kabla hawajafika mbele yako. Mzee akikukemea usijitetee, kunywa maji yake kwanza. Na ukishindwa mbele ya watu, kumbuka alivyosema Koko: hujashindwa, hujamaliza tu. Lakini ukifaulu, mwanangu, furahi kwa sauti, wala usijifanye mnyenyekevu kupita kiasi, kwa sababu kuna mama mahali fulani anayesubiri kupanda juu ya meza kwa ajili yako.

Mungu aibariki mikono yako, isikose kazi wala isikose chumvi. Akupe watu wa kukucheka ukikosea na kukubeba ukipatia. Na popote utakapoishi, kila mlango utakaoufunga, mtoto wa jirani aendelee kulala. Amina. Haya, chukua nyundo.